Mkono Uliosuka Nywele za Umi

Wifi yangu Swafiya hakuwa mtu wa kupendeza, na sitamsingizia utamu asiokuwa nao. Alikuwa mkali wa maneno na bahili wa kicheko, na akiingia nyumbani kwako jicho lake la kwanza lilikwenda kwenye vumbi la nyuma ya mlango. Lakini kisiwa kizima cha Ndau, mwanamke akitaka kuozesha binti, alimwendea yeye, maana ndiye aliyekuwa msusi wa maharusi. Mikono yake ilikuwa myepesi hata mtoto angesinzia huku anasukwa. Aliolewa na kaka yangu Famau, tukaishi ua mmoja, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Kazi yake ya pili ilikuwa ukindu. Sisi wanawake tulivuka kwa mashua mpaka bara, tukaingia mwituni kukata makuti machanga ya mkindu, tukaja kuyaanika na kuyachana tusuke mikeka. Huko mwituni Swafiya ndiye aliyekuwa amiri wetu, tupende tusipende. Kabla hatujashuka alitukagua mmoja mmoja: suruali imefungwa kwa kitambaa kwenye kifundo cha mguu, kitambaa kimepakwa mafuta ya taa, leso imekazwa kichwani. Alikataza kukaa kwenye majani waliyolalia nyati, akakataza kutandika leso chini hata kama miguu inawaka kwa uchovu. "Tembea kati ya ndia," alikuwa akisema. "Majani ya kando yana wenyewe." Ndia ni njia, na wenyewe ni kupe.

Na tukirudi, kabla ya mtu kugusa chakula, alitufungia uani tukavua nguo tukapekuana. Nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni chini ya shanga, kitovuni, nyuma ya masikio, halafu kichwa chote kwa kitana. Nguo zilikwenda moja kwa moja kwenye maji ya moto. Akimkuta kupe kwa mtu, hakumkwanyua kwa kucha wala hakumpaka chochote. Alikuwa na kibano cha chuma cha kutolea miba. Alimshika mdudu pale kichwa kinapoingia kwenye ngozi, akamvuta polepole, sawasawa, bila kumpindua, kisha akaosha pale mahali kwa sabuni. Wengine walimcheka, wakisema Bi Swafiya anaogopa kidudu. "Mdharau mwiba mguu huota tende," alijibu, akaendelea kupekua.

Hofu hiyo aliitoa utotoni. Baba yake alifuga mbuzi bara, na yeye akiwa msichana alimwona mwanambuzi akiburura miguu ya nyuma, kisha ya mbele ikalegea, kisha pumzi ikakatika, na hakuwa na jeraha wala homa. Mwingine akaanza vivyo hivyo. Safari hii baba akampapasa mwili mzima, akamkuta kupe jike amejaa damu chini ya shingo. Akamtoa, na kesho yake mwanambuzi alikuwa ananyonya. Hayo Swafiya alinihadithia mara moja tu tukiosha vyombo, nami nikayaacha hapo kwenye maji ya vyombo.

Sasa nije kwenye mambo ya Umi. Mwaka ule ulikuwa ule uliofuata mafuriko makubwa, Uhuru bado haujaja, na nyasi za bara zilikuwa zimetufika kifuani. Umi alikuwa binti wa jirani zetu, Bi Khairiya na mumewe Jeilani, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa Faza. Katika ukoo wa Khairiya, bi harusi halali usiku wa kwanza juu ya mkeka wa kununua. Ukindu wa mkeka ule lazima aukate kwa mkono wake. Basi Umi akavuka nasi, akakata mzigo wake akiimba, na kila alipoimba Swafiya akamwambia apunguze kuimba na atazame anapokanyaga.

Tuliporudi tukakuta shangazi za bwana harusi wamekwisha kufika kutoka Faza, mapema kuliko walivyoahidi, wamekaa sebuleni kwa Khairiya na mafuta yao na udi wao. Kwetu nywele za bi harusi husukwa mbele ya wakwe, na wakwe hawangojeshwi. Khairiya akamvuta binti yake, akammwagia ndoo mbili za maji, akambadilisha nguo, akamkalisha kwenye mkeka katikati ya wageni. Hakukuwa na cha kupekuana wala nini. Chupa ya mafuta ikamiminwa utosini, shangazi mkubwa akaanzisha wimbo, na Swafiya akaitwa asuke.

Swafiya akashika kitana. "Ngojeni kwanza nimpekue kichwa," akasema. "Tumetoka mwituni sasa hivi."

Wimbo ukakatika. Shangazi mkubwa akatabasamu, lile tabasamu la watu wa Faza wanapotaka kukukata bila kisu, akauliza, "Kwani mwari wetu ana chawa?"

Nilimwona Khairiya akibadilika uso. Kumpekua bi harusi kichwa mbele ya wakwe ni kusema nyumba yenu ni chafu, na neno hilo lingefika Faza kabla ya mashua yao. "Msuke, Swafiya," akasema kwa meno. "Nywele za mwanangu ni safi."

Akamsuka. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na nikaona vidole vyake vikipapasa ngozi ya kichwa kila anapogawa nywele, akitafuta kwa siri. Lakini kupe mwenye njaa ni mdogo kama mbegu ya ufuta, na kichwa kile kilikuwa kinateleza mafuta. Alisuka misuko myembamba, mingi, inayolala kuelekea kisogoni. Shangazi wakasifu, wakala, wakaondoka.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtaniuliza kwa nini tulikuwa wajinga. Kwetu mwanamke hufumua nywele siku anapofiwa na mume. Ndiyo alama yake. Nywele za bi harusi zikishasukwa hazifumuliwi mpaka ndoa ipite, kwa sababu kuzifumua ni kumlilia mume kabla hajafa, na nuksi ile, walisema wazee, lazima impate mume wa mtu. Hata mimi niliamini, na sikuwa peke yangu.

Umi akawekwa ndani, chumba cha giza, hapati jua. Siku za mwanzo alikuwa anajikuna nyuma ya sikio. Tukacheka, tukamwambia misuko mipya huwasha. Baadaye akasema nyayo zake zina ganzi. Halafu asubuhi moja, akienda msalani, magoti yakamkunjika akaanguka mlangoni.

Na Khairiya akaficha. Bado roho inaniuma nikilikumbuka hilo. Alificha kwa sababu wakwe wangesikia kwamba bi harusi ana kifafa au ana jini, na ndoa ingevunjika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimekwisha kupiga hodi. Kesho yake Umi hakuweza kusimama. Jua lilipopanda hakuweza kukaa. Mikono ikalegea, kichwa kikawa hakisimami shingoni.

Hapo ndipo Khairiya akamwita Mwalimu Wazir, aliyesomesha watoto Kurani. Akaja, akamsomea, akamwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji ya kunywa. Umi akaletewa kikombe mdomoni, akanywa, na maji yakarudi puani. Mwalimu akaweka kikombe chini. "Mimi nitaendelea kusoma," akasema, "lakini huyu apelekwe Amu hospitalini, na apelekwe sasa."

Jeilani akatoka mbio kuiandaa mashua. Bahari ilikuwa imekupwa, mashua imelala ubavu kwenye matope, na maji yasingerudi mpaka alasiri. Akakusanya wanaume wajaribu kuisukuma juu ya tope. Kelele zao zilisikika mpaka mtaani, na ndivyo nilivyojua kuna msiba. Nikaingia kwa Khairiya, nikamwona mtoto, nikatoka mbio kwenda kwetu.

Swafiya alikuwa uani anachana ukindu. Nikamweleza huku nalia. Hakulia yeye. Akauliza, "Ilianza miguuni ikipanda?"

"Ndiyo."

"Homa anayo?"

"Hana. Mwili baridi."

Akatupa kisu, akaingia ndani, akatoka na kibano na kitana, akapita mbele yangu bila hata buibui. Mwanamke aliyekuwa hatoki mlangoni bila kujisitiri akakimbia mtaa mzima kichwa wazi, nami nyuma yake.

Tulipoingia, Umi alikuwa chali kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yanatuona, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa anasikia kila kitu na anaelewa, lakini kifua chake kilikuwa kinapanda kidogo tu, kama mtu anayeiba pumzi. Swafiya akamfunua, akampapasa kwapani, kinenani, kila mahali, mikono inakwenda upesi. Hakuona kitu. Akainua macho akatazama nywele.

Khairiya akaelewa kabla ya mtu kusema. Akajitupa juu ya kichwa cha bintiye, akakifunika kwa viganja vyote viwili. "Nywele huzigusi."

"Khairiya, kuna kupe humo. Anamtilia sumu."

"Kupe! Mwanangu anakufa, wewe waniletea habari za kupe."

"Nimewaona mbuzi wakifa hivi hivi. Ikifika kwenye pumzi imekwisha. Tazama kifua chake."

"Mume wake hajamwona bado," Khairiya akasema, na sauti yake ikavunjika. "Wataka kumfanya mjane kabla hajawa mke? Kijana wa watu afe, waseme ni sisi?"

Nje ya mlango Mwalimu Wazir akakohoa. "Bi Khairiya," akaita, "hakuna aya wala hadithi inayokataza kufumua nywele. Hayo ni ya watu."

"Na mimi nakaa na watu, Mwalimu," akajibu.

Kifua cha Umi kikapanda, kikakawia, kikashuka. Nilihesabu moyoni nikaacha, kwa sababu kuhesabu kulinitia wazimu. Nilitaka kumng'oa Khairiya pale kwa nguvu, na wakati huo huo mkono wangu haukuinuka. Hivyo ndivyo mila inavyomshika mtu.

Swafiya akapiga magoti mbele ya Khairiya, wakatazamana karibu kugusana pua. Akasema polepole, kila neno lisikike: "Mkono uliosuka ndio utakaofumua. Kama kuna nuksi, isimwendee Umi wala mume wake. Inijie mimi na mume wangu. Mwenyezi Mungu ashuhudie, na Mwalimu ashuhudie, na wifi yangu huyu ashuhudie."

Mume wake ni Famau. Famau ni kaka yangu wa tumbo moja, na wakati ule alikuwa mikokoni anakata boriti. Mwanamke yule alimweka ndugu yangu rehani mbele ya macho yangu na hakugeuka hata kunitazama. Nilikasirika mpaka masikio yakavuma. Lakini Khairiya akalegeza mikono, na mimi, na hasira zangu, ndiye niliyekishika kichwa cha Umi.

Tukamtoa uani penye jua, mwari anayefichwa jua. Swafiya akafumua. Mafuta yalikuwa yamekauka yakanata, na vile vidole vyake vyepesi vikawa vinakwama. Msuko wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Akapita upande wa kulia wote mpaka kwenye paji. Khairiya akawa anatazama nywele zinavyotawanyika, anajipiga kifua pole pole. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto, pale mtoto alipokuwa akijikuna tukamcheka, Swafiya akasimamisha mkono.

Alikuwa amelala kati ya mistari miwili ya nywele, wa kijivu, amevimba kama mbegu ya mbono. Nimeona kupe maisha yangu yote. Sijapata kumchukia mmoja kama nilivyomchukia yule.

Khairiya akaruka jikoni akarudi na kaa la moto kwenye koleo. "Mchome! Mchome huyo!"

"Rudisha moto wako," Swafiya akasema bila kuinua macho. "Ukimchoma atatapika ndani ya damu yake. Ukimpaka mafuta, hivyo hivyo. Ukimminya tumbo, wamsukumia sumu yote." Akaingiza ncha za kibano chini kabisa, zikagusa ngozi, akabana kichwa, akaanza kuvuta. Ngozi ikainuka pamoja naye. Yule mdudu alikuwa ameganda, hataki. Nilitamani avute kwa nguvu amalize, lakini hakuvuta kwa nguvu. Alivuta sawasawa, akashikilia pale pale, jasho linamdondoka puani, mpaka ngozi ikarudi chini na kupe akabaki kwenye kibano, mzima, na kichwa chake.

Akamtazama kwenye mwanga kuhakikisha mdomo haukubaki. Akamtupa kwenye lile kaa la moto, akaosha kidonda kwa maji na sabuni. Kisha akaendelea kufumua misuko iliyobaki. "Huenda wako wawili," akasema. Hakukuwa na wa pili.

Tukakaa. Hakuna kilichotokea. Hicho ndicho watu hawanielewi ninapowahadithia, wanadhani ukitoa kupe mgonjwa huinuka akacheza. Umi alikuwa vile vile, kifua kile kile kinachoiba pumzi, nywele zimemwagika kama za mfiwa. Swafiya akamlaza ubavu ili mate yasimzibe koo, akamshika kidevu. Adhuhuri ikaadhiniwa. Khairiya akasema, bila kelele, "Umemfumua, na bado anakufa. Umeniulia wote wawili." Swafiya akaendelea kukishika kile kidevu. Sikumwonea huruma wakati ule, nilikuwa nafikiri juu ya kaka yangu.

Maji yakajaa, na Jeilani akaingia uani, tope mpaka kiunoni. Akaziona nywele. Akasimama. Akatutazama sote watatu, na hakuna aliyethubutu kumweleza. Halafu akainama akambeba binti yake kama alivyombeba alipokuwa mdogo, na alipogeuka kuelekea mlangoni, mkono wa Umi uliokuwa unaning'inia ukapanda taratibu, ukashika kola ya shati la baba yake.

Jeilani akasimama mlangoni hakuweza kwenda mbele. Mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Walikwenda Amu vile vile, na walifanya vizuri. Daktari alimkalisha wodini, akatazama kidonda, akawaambia wamrudishe haraka akipata homa au vipele katika wiki zinazofuata. Hakupata. Alirudi Ndau akashuka mashuani kwa miguu yake mwenyewe, akalowa mpaka magotini. Faza nako walisikia, maana Faza husikia kila kitu. Shangazi wakatoa maneno mengi, lakini kijana mwenyewe akasema atamwoa Umi hata akija na upara, na harusi ikaahirishwa kidogo tu.

Kwa hiyo nuksi ikabaki imekaa kwetu. Wanawake hawakusema mbele ya Swafiya, wala hawakuhitaji kusema. Aliyekuwa amempa siku ya kusuka binti yake akatuma kwamba binti ana mafua. Mwingine akapata msusi kwingine. Kisimani mazungumzo yalikatika akifika. Na Famau hakurudi. Wenzake wa mikokoni walirudi, wakasema wao walikata boriti kwenye mkondo mwingine, hawakumwona. Naweza kuwaambia sasa kwamba kaka yangu alirudi, mashua yake ilikuwa imetoboka tu, na leo amezeeka na meno yamemwisha mdomoni. Lakini siku zile hatukuyajua hayo. Swafiya alikuwa anapika chakula cha wawili kila jioni, anakifunika, na asubuhi anakimwaga. Mimi nilikuwa napita uani bila kumsalimia. Angeweza kumweka rehani mtu mwingine.

Ndipo mchana mmoja Khairiya akaja. Tangu siku ile alikuwa hajakanyaga kwetu, hata asante hakuwa ameleta, na nilipomwona mlangoni nikainuka nimwambie maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa kwa muda mrefu. Alikuwa amejifunika buibui mpaka machoni. Akanipita, akaenda mpaka alipokaa Swafiya na ukindu wake, akavua buibui, kisha akavua leso ya kichwani.

Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa zote. Zilimfika kiunoni, zimepinda pinda bado kwa alama za misuko, nyeusi na nyeupe zimechanganyika. Na mumewe Jeilani mzima wa afya, tulimsikia anacheka barazani na wenzake. Mtaa mzima ulikuwa umemwona akipita, kwa sababu ncha za nywele zilikuwa zimetokeza pembeni mwa buibui na hakujali kuziingiza.

"Nimezifumua mwenyewe," akamwambia Swafiya. "Nuksi ikija, ichague kati ya waume wetu wawili."

Swafiya akaweka ukindu chini. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe na kaka yangu nikamwona analia. Nami maneno yangu yote yakanipotea, nikaingia ndani kumtafutia Khairiya mkeka akae.